Kanda la Usufi: Mzigo na Baridi Chini ya Milima ya Upare

Atakaye kupanda milima ya Upare kutoka Same hukabiliwa na maswali matatu kabla hajapiga hatua ya kwanza: achukue nini, kitu hicho kina uzito gani, na usiku kitamfaa kwa kadiri gani. Mji wa Same umekaa uwandani, chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, katika nchi kavu ya migunga na mashamba ya mkonge. Kilele cha Shengena, katika msitu wa Chome, kimepita mita 2,400. Kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, hewa hupoteza joto la nyuzi sita au saba. Basi aliyeondoka Same akipangusa jasho, jioni aweza kujiona ndani ya ukungu, nguo zimemlowa na baridi imezidi ya alikotoka kwa nyuzi kumi. Mfuko mmoja hauna budi kumtosha katika nchi mbili.

Maswali hayo si mapya, wala hayakuletwa na wageni wapandao milima kwa starehe. Katika karne ya kumi na tisa njia ya misafara iliyotoka Pangani ilipita chini ya milima hii hii, na kila aliyeifuata, awe tajiri au mpagazi, alikuwa na jibu lake. Tofauti kati yetu na wao ni moja, nayo ni kubwa. Leo mwanafunzi achaguaye blanketi ndiye atakayelibeba. Katika msafara aliyechagua alikuwa mtu mmoja na aliyebeba alikuwa mwingine, na baridi iliwafikia wote wawili kwa vipimo mbalimbali. Nadhani habari za misafara ya Upare hazitaelezwa kwa ukamilifu mpaka tuutazame mzigo wenyewe tukiuliza nani aliuchagua, nani aliubeba, na nani alilala ana joto.

Njia ya Pangani ilipanda na mto, ikapita Korogwe na Mazinde, kisha ikaachana. Baadhi ya misafara iliandama upande wa magharibi wa milima, kati ya mlima na mto, na mingine ilizunguka mashariki kwa Gonja na Kisiwani, ikaelekea Taveta na Kilimanjaro. Gonja na Kisiwani ni vijiji vya wilaya ya Same hata leo, na mpita njia asiyejua hatadhani kwamba palikuwa vituo vikubwa vya biashara. Sababu yake ilikuwa chakula, na chakula ni sehemu ya kwanza ya hesabu ya uzito.

Tuifanye hesabu hiyo. Mpagazi alipewa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani kama ratili moja na nusu. Watu 100 hula ratili 150 kwa siku, na hiyo ni zaidi ya mizigo miwili mizima. Msafara wa watu hao ukitaka kujichukulia chakula cha mwezi mmoja ungehitaji mizigo zaidi ya 60 ya nafaka peke yake, na wabebaji wa mizigo hiyo nao wana matumbo yao. Ndiyo maana hapakuwa na msafara uliobeba chakula chake chote. Ulibeba cha siku chache, ukategemea nchi ya mbele. Na nchi ya mbele, katika uwanda huu usio na mvua ya kutosha, ililimwa kwa maji yaliyotoka mlimani. Wapare walichimba mifereji na kujenga ndiva, mabwawa ya kukusanya maji ya vijito usiku ili yafunguliwe mashambani mchana. Mtu aliyekuwa juu ya mlima akiziba ndiva yake kwa udongo na mawe alikuwa akiupunguza, bila ya kujua, uzito ulio juu ya kichwa cha mpagazi aliye safarini. Historia zetu za biashara hutaja pembe na nguo, nazo huiacha ndiva. Sioni haki yake.

Sasa tuje kwenye mzigo. Kipimo cha pwani kilikuwa frasila, ambayo ni ratili 35, au kilo 16 hivi, na mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili: ratili 60 hata 70, yaani kilo 27 mpaka 32. Ndani yake mlikuwa na merikani na kaniki, shanga, na seng'enge za chuma na shaba. Vitu hivyo vilikuwa fedha ya safari. Sisi husafiri na noti zisizo na uzito, lakini msafiri wa wakati ule alibebesha watu fedha yake kwa ratili, na fedha yenyewe ilikuwa na matakwa yake. Joseph Thomson alipofika Taveta mwaka 1883 ilimbidi akae ili shanga zake zitungwe katika nyuzi za urefu uliokubaliwa, kwa kuwa Wamasai hawakupokea shanga za kumiminwa mkononi. Alipoingia katika nchi yao aliandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, aliyeijua njia na bei zake kuliko mgeni yeyote.

Namna ya kufunga mzigo haikuwa jambo dogo. Nguo zilikazwa zikawa mtumba mrefu ulioweza kukaa begani. Seng'enge zilining'inizwa katika ncha mbili za mti, ndiyo mizegazega. Sanduku ndilo lililochukiwa. Halipindiki, pembe zake huchoma, na aliyelitwaa asubuhi hana namna ya kuligawa na mwenzake jioni. Kila sanduku lililotoka Ulaya lilikuwa limefungwa na fundi aliyefikiri juu ya chumba cha meli, asifikirie shingo ya mtu.

Msafiri wa Ulaya alikuwa na starehe zake: hema, kitanda cha kukunja, meza, kiti, chupa, na wengine hata bafu la turubai. Usiku wa Upare hakuhisi baridi. Yafaa tumwamini aandikapo kwamba alilala vema, kwani alikuwa na kila sababu ya kulala vema. Lakini waswahili husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na methali hii haikutungwa chuoni. Usufi ndio tunaojazia mito na magodoro, nao ni mwepesi, laini na wenye joto. Methali yawaambia waliolala juu yake kwamba hivyo ndivyo wanavyouona mzigo wa mtu mwingine: kitu laini, kisicho na uzito.

Hapa mwanahistoria hupata taabu. Vitu vya bwana vimeandikwa kwa orodha na hesabu, tena vingine vimechorwa. Vitu vya mpagazi havikuandikwa ila kwa kulaumiwa. Vitabu vya safari vimejaa manung'uniko kwamba watu hujiongezea vikorokoro vyao juu ya mzigo waliokabidhiwa, wakachelewesha mwendo. Msomaji akiyakusanya manung'uniko hayo, akayasoma kinyumenyume, atapata orodha aliyokuwa akiitafuta: mkeka, sufuria au chungu, kibuyu cha maji, shuka, kifuko cha posho, na mara nyingine bunduki. Hayo ndiyo aliyoyachagua mtu ambaye tayari alikuwa na ratili 60 kichwani, na kila ratili aliyoiongeza aliiongeza kwa hiari yake. Hapana ushahidi ulio bora kuliko huo juu ya vitu vinavyostahili kubebwa.

Tuvitazame kimoja kimoja. Mkeka ni mwepesi, hukunjika, na humtenga mtu na udongo. Nao udongo ndio unaoiba joto la alalaye kuliko hewa iliyo juu yake. Wapandao milima wa siku hizi hununua kwa bei kubwa magodoro membamba ya kazi hiyo hiyo. Sufuria haikuwa ya mtu mmoja. Wapagazi walijigawa katika makundi ya kula pamoja, yaliyoitwa kambi, chombo kimoja kikapikia wengi na uzito wake ukawa wa zamu. Kibuyu hakina uzito kikiwa kitupu. Lakini kwangu mimi chombo kikuu ni shuka. Asubuhi huviringwa ikawa ngata, mzigo ukakaa juu yake. Mchana ni vazi. Kwenye soko ni kikapu. Usiku ni kifuniko. Kitu kimoja chenye kazi nne huondoa vitu vitatu katika mzigo. Sijui fundi wa leo aliyekwisha kushinda hapo.

Shuka hiyo ilikuwa na kasoro moja, na kasoro hiyo ilikuwa kubwa mlimani. Ilikuwa ya pamba. Pamba kavu yatosha katika uwanda wa Same, bali pamba iliyolowa hupoteza joto lake lote, ikamgandama mtu kama ngozi ya pili iliyo baridi. Sufi ya kondoo hutunza joto hata ikilowa, pamba haitunzi. Kabla ya nguo za dukani kuenea, watu wa milimani walivaa ngozi za wanyama, na ngozi ilikuwa nzito. Biashara iliwapa wepesi wa merikani ikawanyang'anya joto la ngozi. Huo ni mfano wa uchaguzi ambao tunaukuta kila mahali katika habari hizi: uzito na joto hawapatani kwa urahisi, na mwenye uwezo mdogo ndiye alazimikaye kumwacha mmojawapo.

Watu wa misafara waliijua baridi ya mlima mrefu hata kabla hawajaipa jina la pekee. Tarehe 11 Mei, 1848, Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipouliza ni kitu gani, kiongozi wake hakuwa na neno la theluji. Alijibu kwa neno moja tu: baridi. Mtaalamu wa jiografia wa Uingereza, W. D. Cooley, akiwa kwake, alikataa kuamini kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta, akashikilia hivyo kwa miaka mingi. Rebmann alisimuliwa pia habari za mangi wa Machame aliyewatuma watu wakauangalie weupe ule, ambao karibu wote wasirudi. Aliyerudi alikuwa ameharibika mikono na miguu. Tukiziweka habari hizi mbili pamoja, twaona kwamba neno la kiongozi lilikuwa sahihi kuliko elimu ya Cooley. Lilitaja kitu kwa jinsi kinavyomdhuru mtu asiye na nguo.

Hans Meyer naye alijifunza kwa vyombo. Mwaka 1887 alirudi nyuma mbele ya ukuta wa barafu ambao hakuwa na vifaa vya kuukwea. Mwaka 1888 alikuja tena pamoja na Oscar Baumann kwa njia ya Usambara, akiwa na msafara mkubwa. Vita vya Abushiri viliwaka pwani, wapagazi wakawatoroka, na wote wawili wakakamatwa walipokuwa wakirudi Pangani, wakafunguliwa kwa fidia. Kutoroka huko kwatajwa siku zote kama uhaini. Lakini mpagazi aliyetua mzigo akaondoka alikuwa akichagua, pengine kwa mara ya kwanza tangu alipotoka pwani. Baumann alirudi mwaka 1890, akazunguka Usambara na Upare, na kitabu alichokitoa mwaka 1891 kingali msaada mkubwa kwa atafutaye habari za milima hii. Meyer kwa upande wake alifika kileleni tarehe 6 Oktoba, 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller. Shule zetu ziliyafundisha majina hayo mawili. La tatu halikufundishwa sana: Mwinyi Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa nao katika kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, akilinda moto na kupika wakati wenzake wakipanda. Mtu wa pwani ya minazi alilala usiku mwingi mahali ambapo maji huganda. Ningependa kujua alijifunika nini kuliko kujua bendera gani ilisimikwa.

Reli ya Usambara ilipofika Moshi mwaka 1911, ikiwa imepita Same, ilielekea kuimaliza kazi ya upagazi katika uwanda huu. Gonja na Kisiwani zikaachwa kando, na Same ikakua kwa kituo cha treni. Habari ambazo Same imejulikana kwazo zaidi kwa wanafunzi wa historia, yaani maelfu ya Wapare walioshuka kutoka milimani mwaka 1945 kupinga kodi ya mbiru, zimeandikwa na Isaria Kimambo, nami siziingilii hapa. Kabla ya hapo upagazi ulikuwa umerudi mara moja, kwa ukali uliopita wa misafara.

Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka na bonde la Pangani kando ya milima ya Upare, na Wajerumani wakarudi nyuma wakiiharibu reli. Panapong'olewa reli, mzigo hurudi juu ya kichwa cha mtu. Pande zote mbili ziliwakamata wanaume vijijini wakawa wapagazi wa vita. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, zaidi ya 40,000 wa upande wao walikufa, wengi wao kwa maradhi kuliko risasi, na wataalamu wa baadaye wameona kwamba hesabu hiyo ni ndogo. Tukiyauliza maradhi hayo asili yake, twarudi kwenye orodha ile ya manung'uniko. Watu walihara kwa kula unga wa mahindi usioiva, kwa kuwa sufuria zilikuwa chache na muda wa kupika haukutosha. Walipata vichomi kwa kulala juu ya udongo wa mvua wakiwa na kifuniko kidogo. Mkeka, sufuria na shuka, vitu ambavyo mkuu wa msafara wa zamani aliviita vikorokoro, vilikuwa vimekatwa katika hesabu ya jeshi kwa ajili ya wepesi, na gharama yake ikalipwa makaburini. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, ulipata jina lake kwa kambi ya wapagazi hao. Anayenunua shanta mtaani humo leo hununua katika mahali panapofaa.

Lugha nayo imehifadhi jambo. Kupagaa ni kubeba begani au kichwani, na neno hilo hilo hutumiwa kwa pepo: mtu hupagawa, yaani pepo amemkalia juu. Wazee waliotumia neno moja kwa mambo haya mawili walijua kwamba mzigo mzito humtoa mtu katika nafsi yake. Hafikiri, hasikii, aona visigino vya aliye mbele yake basi.

Kipimo cha kilicho kizito kimetafutwa pia kwa mashine. Mwaka 1986 wataalamu akiwamo G. M. O. Maloiy wa Kenya walitangaza katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo, wabebao kichwani, na wa Kikuyu, wabebao mgongoni kwa ukanda wa kipaji. Wanawake hao waliweza kuchukua mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila ya kutumia nguvu zaidi ya mtu atembeaye mikono mitupu. Kupita hapo nguvu zilianza kutumika. Mtu wa kilo 60 basi ana kilo 12 za kubeba pasipo hasara. Mpagazi wa Pangani mwenye kilo 32 alikuwa amepita nusu ya uzito wake, kabla hajaongeza mkeka. Nao wauzaji wa mashanta humshauri mteja asipite sehemu moja ya tano. Wanafunzi wangu, tupandapo Chome kutoka Same, huiona nasaha hiyo kuwa ya anasa mpaka saa ya pili ya kupanda. Hapo ndipo vitu huanza kutolewa mifukoni na kujadiliwa kwa uaminifu ambao sijaupata darasani.

Kazi ya kubebea wengine haijesha. Mlima Kilimanjaro, uonekanao kutoka milima ya Upare siku isiyo na mawingu, hupandwa kila mwaka na maelfu ya wageni, na nyuma ya kila mgeni wako wapagazi kadhaa. Sheria ya hifadhi imeweka mpaka wa kilo 20, na mizigo hupimwa kwa mizani langoni. Hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa katika miaka yote ya misafara mizani ilikuwa ya tajiri. Lakini mizani hupima uzito tu. Haimwulizi mpagazi kama ana viatu vya kumfaa, wala koti lake ni la pamba au la sufi, wala atalala juu ya nini. Hayo huachwa kwake, na yeye huyatafuta katika mitumba ya Moshi kwa fedha aliyo nayo. Mwaka 2003 kulianzishwa shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, na katika kazi zake mojawapo ni kuwaazima nguo za baridi. Mpagazi huja, huchagua koti, suruali na viatu vinavyomwenea, hupanda navyo mlima, na akishuka huvirudisha ili avae mwingine.